Mkwezi wa minazi naenda dago la karafuu (kambi ya wachumaji) Pemba, nifanyeje nisiaibike siku ya mwanzo?

Mkwezi wa Bumbwini (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wana jukwaa. Mie kijana wa Bumbwini, Unguja. Kazi yangu kukwea: naangua nazi na madafu kwa watu, na minazi mirefu ya kwetu hainipi taabu. Sasa ami yangu kanitafutia kazi ya kuchuma karafuu Pemba, upande wa Mtambile. Shamba limekodishwa kwa tajiri mmoja, na huyo tajiri kaweka msimamizi wake dagoni. Ami kanisifia mno kwa msimamizi, kamwambia "huyu mwanangu ni kima mtupu", na hapo ndipo roho inaponidunda, maana mkarafuu sijapata kuupanda hata mmoja. Kwetu ipo michache tu na ina wenyewe.

Naondoka wiki ijayo inshaallah. Wenye uzoefu nambieni: siku ya mwanzo msimamizi huangalia nini? Niseme kweli kwamba mikarafuu mie mgeni, au ninyamaze nipande tu? Na vifaa nichukue vyangu?

Shaka wa Wete

Ninyamaze nipande 😂😂 Yakhe majimoto, wale chungu wakali wa mitini, yatakuteremsha kabla ya msimamizi.

Mzee wa Mgagadu

Waalaikumu salaam mwanangu. Usimsikilize huyo wa juu, ingawa hilo la majimoto ni kweli.

Mnazi na mkarafuu ni kazi mbili. Kwenye mnazi unapanda, unaangua, unashuka, ushamaliza. Sifa ya mkwezi ni kifua na mbio. Mkarafuu unaupanda asubuhi, na ukiwa mkubwa uliozaa vizuri utakuweka juu mpaka jioni, pengine na kesho yake urudi huo huo. Kinachochoka si mikono, ni nyayo na kiuno, kwa kusimama mguu mmoja kwenye panda huku mwengine ukitafuta pa kukaa. Kwa hiyo usifike ukapaa mpaka kileleni ili watu wakuone. Hakuna atakayekuona. Wote wako juu ya miti yao, na msimamizi haangalii juu.

Msimamizi mjuzi anaangalia chini ya mti. Atakuacha upande, atakwenda zake, kisha atapita bila ya kusema neno, atazame ardhi. Akikuta majani mabichi na vijitanzu vimetapakaa keshakujua, na usidhani atakugombeza. Atakuhamisha tu kwenye miti ya pembeni isiyo na kitu, utachuma siku nzima upate pishi (vibaba vya kupimia karafuu) za kuhesabu kwa vidole, halafu wiki ya pili uondoke mwenyewe.

Sasa sikiliza namna ya kuchuma. Shada unalishika pale konyo, kile kijiti kinachobeba karafuu, linapokutana na majani, unalikunja kwa kidole gumba, linakatika lenyewe. Usivute. Ukivuta linakuja na majani mawili na ncha ya tanzu, na ile ncha ndiyo ingezaa msimu ujao. Tanzu za mbali zivute kwa ngoe (fimbo yenye kulabu) taratibu, ukimaliza uirudishe tanzu kwa mkono, usiiachie ikachapa. Mkarafuu ni mti mkavu kwa tabia yake, haupindi ukakuonya, unakatika papo hapo. Mwenye shamba anaujua mti mmoja mmoja kwa jina, mengine kapanda babu yake. Tanzu iliyovunjika hata ukaificha vichakani ataiona kidonda chake kwenye shina.

Na la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mti haukomai kwa siku moja. Kwenye tawi hilo hilo kuna shada lililojaa na kuanza kuona wekundu, hilo ndilo lako. Jirani yake kuna mashada mabichi ya kijani, hayo yaache, mtarudi tena. Na kuna zilizochanua, hizo zimeshapoteza bei. Mgeni mwenye tamaa ya pishi anapukutisha zote pamoja akajaza pakacha upesi. Jioni likimwagwa jamvini kila mtu anaona.

Bi Mchambuaji wa Ole

Mzee wa Mgagadu kasema vyema, lakini kasema ya wanaume. Mie nichambue yangu.

Mwanangu wa Bumbwini, huyo msimamizi unayemuogopa jioni anakaa na sie. Karafuu zikija kutoka shamba zinamwagwa, na sie wanawake ndio tunaokaa kuzichambua, karafuu huku makonyo kule. Lazima ziishe usiku ule ule. Zikilala kwenye polo (gunia) zinapata joto, zinavunda, na ukija kuzianika zinatoka nyeupe zilizosinyaa, kwenye kituo cha kuuzia hazipati daraja la kwanza. Kwa hiyo tunakesha na taa mpaka ziishe.

Sasa akija mchumaji mashada yake safi, mafupi, hayana majani, kazi yake tunaimaliza tunazungumza na kucheka. Akija mwengine pakacha lake nusu majani, nusu vijiti, na ndani yake kaweka mabichi, basi jina lake litatajwa usiku huo mpaka alfajiri, na msimamizi yupo pale anakunywa chai yake anasikia. Kuna kijana msimu uliopita alikuwa hodari wa kupanda, sikwambii, kwenye vile vitanzu vya nje ambavyo hata ndege anafikiri mara mbili, lakini mashada yake tulikuwa tunayakimbia. Msimu huu hakuitwa.

Ukifika dagoni, kabla hujamtafuta msimamizi, tusalimie sie. Si kwa maneno mengi. "Shikamooni bi wakubwa, mie mgeni wenu" inatosha. Na pakacha lako la mwanzo ukishusha usilitupe kwa mbali, lilete, limwage pole pole mbele yao, uwaulize "nimekosea wapi?" Watakucheka, lakini watakufundisha bure kile ambacho wenzako juu ya miti hawatakwambia kwa sababu mnagombea pishi.

Wala makonyo usiyadharau ukayakanyaga. Nayo yana bei, yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta.

Mkwezi wa Bumbwini

Ahsanteni sana, na shikamoo bi mkubwa. Sasa suala la kusema kweli. Ami keshanipamba. Nikifika nikasema mie mgeni si nitakuwa nimemvunjia uso?

Nahodha wa Paje

Kaka mie nakwea minazi ya mahotelini huku pwani ya mashariki, kazi yetu ni kushusha nazi na makuti makavu yasiwaangukie wageni. Nilipoanza hoteli moja meneja aliniuliza unaweza ule pale? Ulikuwa mnazi mzee umeinama juu ya mapaa ya makuti, shina lina tundu. Nikamwambia ule siupandi, huo wa kukata. Wenzangu walidhani nimeshakosa kazi. Toka siku hiyo akitaka kujua mti gani wa kuachwa ananiita mimi. Anayekuajiri kupanda anataka mtu anayejua mti wa kukataa, maana ukianguka mzigo ni wake. Sema kweli.

Na nakushauri chukua mkanda wa usalama, ile ya kufunga kiunoni na mapajani. Huku kwetu siku hizi hawakubali upande bila yake.

Mzee wa Mgagadu

Nahodha, la kusema kweli nakuunga mkono. La mkanda sikupingi, ila ajue utamfaa wapi. Kwenye mnazi unauzungusha shina moja na unakwenda nalo. Kwenye mkarafuu unahama matawi kila dakika, na ukijifunga kwenye tanzu inayokatika unakwenda nayo. Wengi wetu tunapanda na kamba ndefu: tawi la nje tunalifunga tukalivuta karibu na shina, halafu tunasimama ndani, kwenye panda, tukachuma bila kulifuata kule nje. Kamba hiyo hiyo ndiyo inashusha pakacha. Akija na mkanda na akajifunga kwenye shina lenyewe pale anapokaa muda mrefu, sawa, simcheki.

Nahodha wa Paje

Mnapanda na kamba ya pakacha mnaiita usalama. Mzee wangu nakuheshimu lakini Pemba kila msimu tunasikia mtu kaanguka.

Mzee wa Mgagadu

Tunasikia kweli, na nimezika. Wala sisemi tumepatia. Nasema asijifunge kwenye tanzu.

Shaka wa Wete

Wazee msigombane. Mdogo wetu, ukianguka hata kidogo usikae kimya ukajikanda mafuta. Nenda kituo cha afya uandikishwe, na sheha (kiongozi wa mtaa) apate habari. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, imewahi kuwalipa fidia watu walioanguka mikarafuuni, lakini bila karatasi utaeleza nini?

Binti Kengeja

Kuhusu ami: kaka, usimruke. Mpigie yeye kwanza kabla hujavuka. Mwambie, "Ami, umenisifia na nakushukuru, ila mikarafuu sijaizoea, naomba wewe mwenyewe umwambie msimamizi anioneshe siku ya mwanzo." Akisema yeye ni mzee anamuombea kijana wake. Ukisema wewe mbele ya wachumaji wote ni mpwa kamkadhibisha ami yake. Maneno ni yale yale.

Kisha ukifika, usiku ule, si asubuhi watu wakiwa wamebeba mapakacha, nenda kwa msimamizi faragha. "Minazi naijua, mikarafuu nataka unioneshe." Basi.

Mkwezi wa Bumbwini

Wallahi hili sikulifikiria. Nitampigia leo baada ya Isha.

Bwana Shamba Mstaafu

Naona majimoto yametajwa kwa mzaha. Nisaidie kidogo kwa sababu hapa ndipo wageni wengi kutoka Unguja wanapoharibu.

Utayaona majani yameshonwa pamoja mfano wa mfuko, hilo ndilo kao lao. Kijana mgeni akishaumwa anataka kerosini au moto. Usifanye. Kwanza hujaruhusiwa, pili moto unaunguza tanzu, tatu wewe mkwezi wa minazi ungepaswa uwe wa mwisho kuyachukia. Wataalamu walifanya uchunguzi hapa hapa Zanzibar miaka ya 1950 wakaona kwamba mnazi wenye majimoto unasalimika na yule mdudu anayefyonza vidaka (nazi changa) vikapukutika. Palipo na majimoto nazi zinakaa. Kwenye mikarafuu wanaudhi wachumaji, na si kila mti umo.

Dawa yake: kabla ya kupanda zunguka mti uuangalie. Kao likiwa tawi moja, anza upande wa pili, hilo liache mwisho, jua likiwa kali usilitikise. Jipake jivu kavu mikononi na miguuni, wanateleza na hawapendi. Kofia, shati la mikono mirefu lililochomekwa. Na ukiumwa, shuka kwa utaratibu. Nimeona watu wanaanguka kwa kujipiga makofi.

Jengine: asubuhi ya umande au baada ya mvua gome linateleza, na matawi ya zamani yana ukungu wa kijani juu yake. Mchumaji mgeni anaona aibu kusubiri wenzake wakianza. Subiri. Chuma za chini kwa ngoe mpaka jua lipige.

Shaka wa Wete

Haya nimenyamaza na mzaha wangu 😂 Jivu ni kweli tupu.

Mchuuzi wa Chambani

Hakuna aliyezungumza pesa, nashangaa. Mdogo wangu, malipo ni kwa pishi za karafuu mbichi, wengine siku hizi kwa kilo. Bei inategemea msimu, umbali wa shamba na kama chakula ni juu ya tajiri au juu yako. Uliza kabla hujapanda mti wa mwanzo, na uulize vitu vitatu tu: pishi bei gani, inapimwa kabla au baada ya kuchambuliwa, na inapimwa mfuto (ya kusawazishwa juu) au ya kulundika. Hilo la tatu ndilo linaloleta ugomvi wa madago yote. Pishi ya kulundika kwa mchumaji wa siku nzima ni hasara kubwa ukijumlisha mpaka mwisho wa msimu.

Ukiuliza mapema, kwa upole, unaonekana mtu mwenye akili zake. Ukiuliza siku ya malipo unaonekana mgomvi.

Binti Kengeja

Na asiulize mbele ya tajiri akija na gari. Amuulize msimamizi.

Mchuuzi wa Chambani

Sawa kabisa.

Mzee wa Mgagadu

Nimesahau jambo la mifuko. Vaa suruali isiyo na mifuko, au ishone. Karafuu zinaingia zenyewe ukikumbatia tawi, na jioni ukikutwa na konzi moja mfukoni hakuna atakayekuamini kwamba ziliingia zenyewe. Kila ukishuka, kung'uta nguo juu ya jamvi mbele ya watu. Kilo tatu za karafuu mbichi zinakauka kuwa moja tu, kwa hiyo kila konzi ya mwenye shamba ina uchungu. Tena tangu 2011 serikali ilipoamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, watu wameshika mikarafuu yao kwa mikono miwili. Zamani ungeokota zilizoanguka chini ukapeleka nyumbani na hakuna aliyekuuliza. Sasa omba.

Wala usione haya kuwa Muunguja. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, na toka hapo karafuu ni Pemba, na wenzako wa Tumbatu na Makunduchi wamekuwa wakivuka kuja kuchuma. Utataniwa, "kaka wa urojo umekuja", cheka nao. Anayenuna siku ya mwanzo hutaniwa mpaka msimu uishe.

Ustadhi wa Konde

Na sala, jamani. Dago lina wakati wake wa Adhuhuri, wachumaji wanashuka. Atakayebaki juu ili apate pishi moja ya ziada wenzake wanasali, watu hawatamwambia kitu lakini wataandika moyoni.

Mkwezi wa Bumbwini

Nimezungumza na ami. Kacheka, kasema atampigia msimamizi mwenyewe kesho. Kumbe hata yeye mikarafuu aliwahi kuipanda utotoni akaacha.

Sasa vifaa. Pakacha, ngoe, kamba, jamvi?

Bi Mchambuaji wa Ole

Jamvi si lako, la mwenye shamba. Pakacha husukwa huku huku, makuti tele, na ukijua kusuka mwenyewe jioni ukawasukia na wenzako utapendwa. Ngoe utakata mwenyewe porini, muulize msimamizi mti gani, usikate mti wa mtu. Leta shuka, chandarua, sabuni, viatu vya kwendea chooni, na panadol. Simu iache chini kwetu ukipanda. Tumeshaokota simu nyingi zilizopasuka.

Mzee wa Mgagadu

Kamba lete yako. Usinunue ile ya plastiki inayong'aa, ukiwa na jasho inapita mkononi. Kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi), nene ya kidole, ndefu mara mbili ya mti.

Mkwezi wa Bumbwini

Usumba upo, mama na dada zangu wanasokota. Nitabeba mbili.

Mchuuzi wa Chambani

Beba tatu, ya tatu nitainunua mimi. Unakuja siku gani? Mie Jumatano nipo bandarini Mkoani kupakia ndizi, nitakupandisha gari ya Mtambile.

Mkwezi wa Bumbwini

Jumatano hiyo hiyo, boti ya asubuhi. Nakutumia namba yangu faragha.